Nyumba ya Gari la Mpimaji

Watu wa Kosele walimjua kwa vitu viwili, mnyororo wake wa kupimia mashamba na gari lake lisilo na paa. Sisi tulimwita Mpimaji. Jina lake lilikuwa kwenye vyeti na kwenye kitabu cha kanisa, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata mkewe. Alikuwa mrefu, mkavu, na alitembea kwa hatua zilizolingana, kwa sababu alikuwa amezihesabu maisha yake yote na hakuweza tena kuacha. Ukimuuliza kwa kinyozi ni wapi, hakunyoosha kidole. Alikuambia, "Hatua mia moja na kumi na mbili. Miguu yangu, si yako."

Mimi nilikuwa mshonaji. Nilimaliza darasa la nane, nyumbani hakukuwa na njia ya kuendelea, nikapewa cherehani ya shangazi na nafasi kwenye veranda ya duka la nguo. Mwenye duka alikuwa Mwislamu, mtu wa Mombasa, aliyekaa kwetu miaka mingi bila kujifunza Kijaluo, kwa hiyo mimi ndiye niliyejifunza Kiswahili chake. Sikuwa msemaji. Watu waliniletea kitambaa, nikawapima, nikaandika, wakaenda. Siku moja Mpimaji alisimama nyuma yangu nikipima bega la mtu, akaangalia utepe, akasema, "Pima tena." Nikapima tena. Ikawa ile ile. "Sasa andika," akasema. Tangu siku hiyo aliniita Fundi. Wengine wote walisema "yule msichana wa Mswahili."

Gari lilitoka Italia. Mhandisi mmoja wa Kiitaliano alikuja nalo alipokuja kujenga barabara, na Mpimaji, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kumshikia vigingi, alilinunua mhandisi alipoondoka. Lilikuwa la watu wawili tu, la samawati iliyofifia mpaka ikakaribia kijivu, refu mbele na fupi nyuma, na lilikaa chini kiasi kwamba mbuzi aliweza kuchungulia ndani bila kuinua shingo. Watoto waliliita Kiatu. Lilitengenezwa liwe na paa la kitambaa la kukunjwa nyuma ya viti, lakini kitambaa kilioza kabla sijaanza shule, zikabaki mbavu za chuma zimelala kule nyuma kama mwavuli uliovunjika.

Siku ya soko, akipita polepole kati ya wanawake wauza omena, wale dagaa wa ziwani, hakuachwa apite bure. Kwa heshima walimwita Jaduong', yaani mzee.

"Jaduong', leo gari imesahau kofia nyumbani?"

"Kofia ni ya wenye upara," alijibu bila kugeuza kichwa. "Mzee wako anaendeleaje?"

Wanawake walicheka mpaka wakashika makarai yao. Yeye hakucheka. Sijui kama nilimwona akicheka zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amelala chini ya gari, kwa hiyo niliona miguu tu ikitikisika.

Hakuna fundi wa magari wa Kosele wala wa Ndhiwa aliyekubali kuligusa mara ya pili. Walisema halina nafasi ya mkono. Basi alilitengeneza mwenyewe, Jumamosi, akiwa na ovaroli aliyoniletea niiwekee viraka vya magoti kila mwaka. Lilikuwa na kabureta mbili, na hizo mbili zilipaswa kuvuta hewa sawasawa, la sivyo injini ilikohoa ikipanda mlima. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akatia ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akafumba macho. Kisha ya pili. Kisha akageuza skrubu kidogo sana, akarudi ya kwanza. Watu walisimama kumtazama kama wanavyomtazama daktari wa kambi ya chanjo.

"Iko na nimonia?" bibi mmoja aliuliza.

"Iko na mafua tu, Mama. Hii pua inavuta, ile ingine imeziba."

Mipira ya kuzuia mtikisiko aliichonga kutoka tairi la lori. Chini ya injini alifunga bamba la jembe la ng'ombe, kwa sababu barabara zetu zina mawe na tangi la oili la gari lile lilikuwa karibu kugusa ardhi. Mbele ya kila jiwe alisimama, akashuka, akaliangalia, akapanda tena. Safari ya kwenda kanisani, ambayo mtu wa miguu aliimaliza kwa dakika arobaini, yeye aliimaliza kwa dakika thelathini na tano. Mkewe alikaa kando yake, kitambaa cha kichwa kimefungwa mara mbili, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya vumbi. Mkewe tulimwita Mama. Alikuwa mfupi, mwepesi wa maneno, na gari aliliita nyieka, yaani mke mwenza.

"Nyieka amelala vizuri?" alimuuliza mumewe asubuhi mbele ya wageni. "Amekunywa? Mimi bado sijakunywa chai, lakini yeye kwanza."

Kulikuwa na vitu ambavyo hata tairi la lori halikuweza kutoa. Kwa hivyo Mpimaji aliandika barua Italia, kwa Kiingereza, herufi kubwa zote, na michoro yenye vipimo kwa milimita. Nyingi hazikujibiwa. Mara moja, baada ya miezi minane, kilikuja kisanduku kidogo kama cha sindano. Alikifungulia kwenye veranda yangu kwa sababu alitaka utepe. Ndani mlikuwa na mipira minne ya breki, midogo kama pete. Akaipima mmoja mmoja kwa utepe wangu, kisha kwa chombo chake cha chuma, akairudisha kisandukuni.

"Hawa watu," akasema mwishowe, "wanajua kupima."

Hilo lilikuwa sifa ya juu kabisa kutoka kwake. Katika kazi hakumpa mtu hata nusu hatua. Alipomaliza kupima mpaka kati ya shamba la kaka yake na la mjane mmoja jirani, ilionekana kaka amelima hatua tatu upande usio wake. Kaka alimwita pembeni, wakaongea. Mpimaji akarudi, akapiga kigingi pale pale mnyororo ulipomwonyesha. Kaka hakumsalimia miaka minne. Na Mpimaji, kila Krismasi, alikwenda kwa kaka huyo, akaketi kwenye kiti cha nje, akanyimwa maji, akarudi nyumbani. Nilimsikia akimwambia mwenye duka, "Yeye amekasirika, hiyo ni haki yake. Mimi nasalimia, hiyo ni yangu."

Kwa gari alikuwa mchoyo, lakini uchoyo wake haukufuata mpango wowote ambao ungeweza kuutabiri. Chifu aliliomba limtangulie siku ya sherehe, likiwa na maua mbele. Mpimaji akasema gari lina joto. Saa nane mchana huo huo tulimwona akipita kuelekea Ndhiwa, na kando yake ameketi kikongwe mmoja na kuku watatu, wamefungwa miguu, wanatazama njia. Kesho yake chifu alimkuta dukani.

"Jana joto iliisha saa ngapi?"

"Iliisha wewe ulipoanza kuhutubia," Mpimaji akajibu. "Kila kitu kilipoa."

Sasa nieleze juu ya nyumba ya gari, kwa sababu ndiyo iliyomsumbua yeye na Mama miaka yote ile ninayoikumbuka.

Uwanja wake ulikuwa mwembamba, unateremka kuelekea kijito. Huko chini udongo ni mweusi, na mvua ikinyesha hata ng'ombe anazama. Mahali pekee penye ardhi ngumu palikuwa karibu na lango. Watoto wake wa kiume walipokuwa bado wadogo, alijenga pale kando ya lango nyumba ya kuliweka gari, mabati juu na pande tatu, sakafu ya saruji. Lakini kwetu, boma lina mpango wake. Upande mmoja wa lango ni wa mtoto wa kwanza, na upande wa pili ni wa anayemfuata. Hapo ndipo kila mmoja hujenga simba yake, nyumba ya kijana aliyekua, na mkubwa lazima ajenge kwanza. Mpimaji, aliyejua mipaka ya watu wote kuanzia Kosele hadi mtoni, aliliweka gari mahali pa mtoto wake wa kwanza.

Alisema ni banda tu, litaondolewa kijana akikua. Pengine lingeondolewa. Lakini saruji ilipokuwa mbichi aliogopa ng'ombe wataikanyaga, akalala mle siku tatu, na akawasha moto akapika chai. Wazee wakasema kwamba mahali mwenye boma amelala na kuwasha moto si banda tena. Ni nyumba. Na mwenye nyumba hiyo ni gari.

"Umempa gari simba," mzee mmoja alimwambia kanisani, nje, baada ya ibada. "Sasa huyo ndiye kifungua mimba wako. Ana magurudumu, lakini ni wako."

Watu walicheka. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa na miaka kama kumi na minane, alikuwa amesimama pale pale akisikia. Hakucheka. Mwaka uliofuata alikwenda Osiri, upande wa Migori, kuchimba dhahabu. Huko alioa na kupata mtoto wa kike. Lakini mwanamume asiye na simba kwao hawezi kuingia langoni na mke. Angemlaza wapi? Basi hakuja. Na mdogo wake, aliyekuwa bado shuleni, naye alijua kwamba siku yake haitafika kabla ya ya kaka yake.

Mama alikwenda Osiri mara mbili kwa mwaka, akarudi siku ile ile, kwa kuwa kwetu mama halali kwenye nyumba ya mwanawe. Kabla ya kila safari alikuja kwangu kuagiza gauni la mjukuu. Hakuwa na vipimo. Aliweka mkono wake wa kulia hewani, na wa kushoto chini yake.

"Urefu ni hapa mpaka hapa."

Nilipima hewa iliyokuwa kati ya mikono yake, nikaandika. Gauni la kwanza lilikuwa dogo. La pili lilikuwa dogo pia, kwa sababu mikono ya Mama ilikumbuka mtoto wa mara iliyopita. Siku moja Mpimaji alikuwapo.

"Mtoto hapimwi kwa kubahatisha," alimwambia mkewe.

Mama hakugeuka. "Basi mlete nyumbani nimpime."

Mwenye duka, aliyekuwa akikunja vitenge, aliingia ndani bila sababu. Mpimaji alibaki amesimama. Kisha akaondoka, na kwa mara ya kwanza niliona hatua zake hazilingani.

Usidhani hakutaka. Alimpenda mwanawe. Lakini gari bila paa, likilazwa nje, lingekuwa na maji hadi kwenye viti baada ya mvua ya kwanza, na lingekwisha katika msimu mmoja. Kulifunika kwa turubai alikataa. Alisema gari lililofunikwa gubigubi linaoza kwa jasho lake. Na mwanawe naye alikuwa mwana wa baba yake. Mama alipomwambia, kule Osiri, kwamba baba atavunja ile nyumba, kijana alisema, "Mimi sitaki. Gari ikioza watu watasema mimi ndiye niliua gari ya Baba. Iwe nzima kwanza, ndiyo nitajenga. Siku nitaona imeoza, nachukua bibi yangu na mtoto, narudi Osiri."

Maneno hayo Mama aliyaleta kama yalivyo. Na ndiyo sababu Mpimaji alikuja kwenye veranda Jumatatu moja, amebeba mabaki ya kitambaa cha zamani, vipande vyeusi vinavyokatika ukivigusa, akavitandaza mezani pangu.

"Fundi. Unaweza kushona paa?"

Nilikuwa nimeshona sare, mapazia, na suruali ya harusi moja. Nikasema sijui.

"Hiyo ni jibu nzuri," alisema. "Wale wamesema wanajua wameniharibia vitu vingi."

Ilinichukua wiki saba. Tulitumia turubai nene la lori, jipya, la kijani. Sindano za kawaida zilivunjika, nikanunuliwa za kushonea magunia. Yeye alinyanyua zile mbavu za chuma, akazinyoosha, akazitia grisi, nami nikapima kutoka ubavu hadi ubavu, huku akisimama nyuma yangu akisema, "Pima tena." Kwa dirisha la nyuma tulitumia nailoni ngumu inayoonyesha, ile ya kufunika meza. Nilipofika kwenye mishono nilijua kasoro iko wapi. Kila tundu la sindano ni tundu la maji. Nikamwambia. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia kwa siku moja.

"Tutaziba na nini?"

Nikafikiri. Mama yangu alipaka mshumaa kwenye zipu zilizogoma. "Mshumaa," nikasema.

Akafikiri naye. "Sawa. Nta haipendi maji."

Nikasugua mishumaa kumi na moja kwenye mishono, ndani na nje, mpaka vidole vikateleza.

Siku ya kujaribu, alimwita mwanawe kutoka Osiri aje peke yake. Walikuja pia wazee wawili, yule wa maneno ya kanisani akiwamo. Ilikuwa asubuhi mapema, kuna ubaridi. Gari lilisimama katikati ya uwanja, limevaa paa la kijani, na Mpimaji ndani, na suti yake ya kanisani. Vijana wa jirani walipanda juu ya pipa na madebe ya maji.

"Jaduong', umevaa suti ya kuzikwa?" mzee yule aliuliza.

"Ya kuoshwa. Mwageni!"

Walimwaga madebe sita. Maji yalitiririka kwenye mishono yangu, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama nikiangalia chini, kwa kuwa sikuweza kuangalia mbele. Kisha mlango ukafunguka. Mpimaji akatoka, akajipapasa mabega, akapapasa kiti, akamwonyesha mwanawe kiganja.

"Kavu."

Kijana akaingiza mkono mwenyewe. Akapapasa chini ya kiti, kwenye zulia, nyuma. Akatoka. Alikuwa mrefu kama baba yake. "Ni kavu," akasema, na Mama akapiga kigelegele ambacho kilisikika barabarani.

Wazee wakasema mwenye boma lazima aondoe bati la kwanza kwa mkono wake. Mpimaji alipanda ngazi na suti ile ile, akang'oa misumari, akaichagua iliyonyooka akaitia mfukoni, akateremsha bati. Jioni mabati yote yalikuwa chini. Kisha akachukua mnyororo, akampimia mwanawe msingi, pale pale kwenye saruji na kuendelea, na alipomaliza akapima tena.

Simba ilijengwa miezi miwili. Mke alikuja, na mtoto, aliyekuwa amefikisha miaka mitatu. Mama alimleta kwenye veranda siku ya pili tu, akamsimamisha juu ya meza.

"Haya, Fundi, sasa pima."

Niliandika vipimo vile kwenye ukurasa wake peke yake. Gari lililala chini ya ukuta wa ghala la mahindi, magurudumu yake juu ya mawe bapa lisizame, na kila nilipoliona kutoka barabarani, likiwa na paa langu, nilijisikia kama mtu aliyetajwa kanisani.

Baada ya hapo nilihamia Migori mjini, nikafanya kazi kwenye duka kubwa zaidi, miaka miwili. Niliporudi Kosele likizo, Mama alinitumia mtu: niende na utepe, mkwewe anataka mapazia. Nilikwenda asubuhi. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Mpimaji alikuwa peke yake karibu na ghala, ameketi kwenye kigoda, anafuta plagi ya injini kwa kitambaa. Alikuwa amepungua. Tulisalimiana, akaniuliza juu ya Migori, nikajibu kidogo. Kisha, kwa vile hakuna aliyenikataza, nikakwenda kwenye gari nikafungua mlango niangalie kazi yangu.

Harufu ilinifikia kwanza. Zulia lilikuwa jeusi. Niliinua ukingo wake, likakatikia mkononi mwangu, na pale ambapo palipaswa kuwa na chuma niliona majani mabichi, na kifaranga akipita. Nikaangalia juu. Mishono yote ilikuwa na mistari ya maji. Nikaigusa. Hapakuwa na nta hata kidogo. Mchana kwetu turubai la kijani huwa la moto kiasi cha kuunguza mkono, na mshumaa ulikuwa umeyeyuka na kudondoka labda mwezi wa kwanza tu. Tulikuwa tumelijaribu asubuhi kwenye baridi.

"Baba," nikaanza.

Wakati ule ule mwanawe alitoka kwenye simba, mtoto mkononi, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Akanisalimu. Kisha akaangalia gari.

"Baba, mvua ya jana ilikuwa mbaya. Hiyo paa ilizuia maji kweli?"

"Kavu," alisema Mpimaji. Hakuinua macho kutoka kwenye plagi. "Muulize Fundi. Amefungua sasa hivi."

Kijana akanigeukia. Nilikuwa nimesimama kati yake na mlango, na kipande cha zulia kilikuwa mkononi mwangu, nyuma ya sketi. Nyumbani kwake moshi ulikuwa ukitoka. Mkewe alikuwa akiimba kitu huku akiosha vyombo. Mama alikuwa mlangoni kwake, akimwita mjukuu aje anywe uji.

"Ni kavu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyozoea.

"Fundi wewe ni fundi," kijana alisema, akamteremsha mtoto, akaenda kumwaga maji ya mifereji.

Nikasogea kwenye kigoda. "Kwa nini hukuniita? Ningekuja. Ningeshona ingine, kuna nta ya nyuki, ningepaka hiyo."

"Ungekuja na sindano," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye angeona unashona. Angeuliza unashona nini."

"Sasa je?"

"Sasa hakuna sakafu ya kufunika." Akainua plagi kwenye mwanga, akapima pengo lake kwa kipande chembamba cha chuma, akapima tena. "Injini bado. Injini ni nzima kabisa. Jumamosi mimi nawasha, yeye anasikia akiwa ndani. Anasikia ni nzima."

Akaifunga plagi, akaingia nyuma ya usukani kwa uangalifu, mguu mmoja, kisha mwingine. Injini ilishika mara ya kwanza. Ilikuwa tulivu, kabureta zote mbili zikisema kitu kimoja, na kule kwenye simba mtoto alipiga makofi. Mpimaji aliiacha iendelee kwa muda ambao mtu angetumia kwenda kanisani nusu ya njia. Kisha akaizima, akafungua mlango, na kabla ya kushuka akatafuta kwa mguu ule ubao wa mti aliokuwa ameulaza chini, mahali palipokuwa na sakafu, akaukanyaga.